Kipya Kinyemi: Gari Jipya, Gari Lililotumika na Hesabu ya Rubondo

Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana. Ya kwanza yasema, "Kipya kinyemi, kingawa kidonda." Ya pili yajibu, "Ya kale ni dhahabu." Mwanafunzi wa Kiswahili akizikuta darasani huuliza ni ipi iliyo ya kweli. Zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake, na kazi ya mwenye kuzitumia ni kupajua mahali hapo. Leo nataka tuzipime methali hizi kwa jambo la kawaida kabisa, nalo ni ununuzi wa gari. Nitazipima Rubondo, kwa kuwa huko kosa la ununuzi huumiza zaidi.

Rubondo ninayoizungumzia si kile kisiwa cha hifadhi ya wanyama kilicho katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Ni mojawapo ya kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Humo wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na watu wa mataifa mengine, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Mji mkubwa ulio karibu nao ni Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Mwenye gunia la maharage la kuuza, mwenye mgonjwa wa kupeleka hospitali ya rufaa, mwenye duka la kujaza bidhaa, wote huelekeza macho Mbarara.

Katika mazingira hayo gari haliwi pambo. Ni chombo cha kazi, na mara nyingi hununuliwa kwa akiba ya watu wengi: ndugu wa ukoo mmoja, au wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, waliojinyima kwa miaka kadhaa. Akiba hiyo inazidi kuwa na uzito kwa kuwa mgao wa chakula na fedha kwa wakimbizi nchini Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020. Basi gari likinunuliwa vibaya, kinachopotea ni karo, dawa na mbegu za msimu ujao.

Nayaeleza maoni yangu mapema ili msomaji ayapime anapoendelea kusoma. Kwa mkazi wa Rubondo, gari jipya kutoka kwa wakala wa kiwanda si chaguo la busara. Na gari la bei ya chini kuliko yote si chaguo la busara pia. Anunue gari lililotumika lenye sifa tatu: limekaguliwa na fundi asiyelipwa na muuzaji, karatasi zake hazina utata, na bei yake inaacha akiba ya kulitunza. Sifa moja ikikosekana, asubiri.

Tuanze na asili ya magari hayo. Magari mengi yaliyotumika yanayoonekana Mbarara yalitoka Japani. Wapo wanaodhani kwamba Wajapani huyauza kwa sababu yameharibika. Sababu kubwa ni nyingine. Sheria ya Japani hudai gari dogo la binafsi likaguliwe miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, uitwao shaken, una gharama kubwa, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyoona heri aliuze anunue jingine. Aidha, Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Waganda, Wakenya na Watanzania, hivyo usukani wa magari yao uko upande tunaouhitaji. Magari hayo hupita minadani, hupakiwa melini, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha huja Kampala. Huko hukaa katika yadi ambazo Waganda huziita bondi, yaani mahali gari linapohifadhiwa hadi kodi yake ilipwe.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na msomaji anayetoka Kongo, Burundi au Rwanda. Katika nchi hizo watu huendesha upande wa kulia. Anayenunua gari Uganda kwa nia ya kurudi nalo nyumbani siku moja ajue kwamba usukani wake hautaoana na barabara za huko: akitaka kulipita lori, hataona vizuri kinachokuja mbele yake. Nia ya kurudi ni nia njema, lakini iingie katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Sasa tuitazame sheria. Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilirekebisha Sheria ya Usalama Barabarani na kupiga marufuku uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, likihesabu tangu mwaka wa kutengenezwa. Kenya ina kikomo kikali zaidi, cha miaka minane. Juu ya hayo, gari linaloingia Uganda hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Gari lililozeeka huongezewa tozo ya mazingira. Kwa hiyo bei iliyoandikwa katika tangazo la muuzaji wa Japani ni mwanzo tu wa bei. Anayesoma bei hiyo akadhani ameelewa gharama amesoma sentensi nusu.

Wako wanaosema kwamba marufuku hayo ni uonevu kwa maskini, kwa kuwa yamepandisha bei ya magari. Wako pia wanaosema kwamba Afrika isiwe jalala la nchi tajiri. Hoja zote mbili zina uzito. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa zaidi. Mengi yalikuwa machafuzi wa hewa na hatari kwa wasafiri. Naunga mkono serikali kuweka kikomo. Hata hivyo kikomo cha forodhani hakigusi magari yaliyokwisha kuingia. Gari la mwaka 1996 lililosajiliwa zamani laweza kuwa linaendelea kubeba abiria leo, likiuzwa na kuuzwa tena, likitoka mjini kwenda vijijini na kutoka vijijini kwenda makazini. Ndiyo maana mnunuzi wa Rubondo hawezi kuiachia sheria kazi ya kumkagulia gari.

Kwa hakika, swali la "jipya au lililotumika" huficha swali jingine lililo karibu zaidi na mkazi wa Rubondo: gari lililotumika wapi? Lipo gari lililotumika ng'ambo na kuingia Uganda juzi, na lipo gari lililotumika ng'ambo kisha likatumika Uganda kwa miaka kumi. La kwanza ni ghali zaidi kwa sababu kodi yake bado i moto na barabara zetu hazijalichosha. La pili ni rahisi, na muuzaji wake hulisifu kwa kusema "limezoea barabara za hapa." Gari halizoei mashimo; mashimo hulila. Wengi hulikadiria umri kwa kutazama namba ya usajili, wakiona kwamba linaloanza kwa UB ni changa kuliko linaloanza kwa UA. Namba hiyo humwambia mtazamaji gari lilisajiliwa Uganda lini. Haimwambii lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa utafutwe katika karatasi, na ulinganishwe na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma.

Na gari jipya? Sifa zake hazikatiliki. Lina dhamana ya kiwanda, historia yake haina siri, na dereva wake halali gereji. Lakini gari jipya hupoteza thamani kwa kasi kubwa zaidi katika miaka yake ya mwanzo, na hasara hiyo humwangukia mnunuzi wa kwanza. Shirika kubwa au tajiri wa mjini aweza kuibeba. Mkazi wa Rubondo anayeishi kwa kusubiri jibu, pengine la kuhamishiwa nchi ya tatu, pengine la amani kurudi kwao, huenda akalazimika kuuza gari lake kwa haraka. Anayeuza kwa haraka huuza kwa hasara, na hasara huwa kubwa zaidi gari likiwa jipya. Tena, wachache walio na fedha taslimu za kulinunua, wengine watakopa. Hapo methali yetu nyingine yaingia bila kuitwa: kukopa harusi, kulipa matanga.

Msomaji aweza kuniuliza: ikiwa gari jipya ni ghali, kwa nini nisinunue lile la rahisi kuliko yote nikaanza kazi kesho? Tufanye hesabu ya mfano. Takwimu hizi nimezibuni kwa ajili ya somo. Kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme kikundi kina shilingi milioni 24 za Uganda. Gari la kwanza linauzwa milioni 13, la pili milioni 18. Kila gari likifanya kazi huleta shilingi 40,000 kwa siku baada ya mafuta na ujira wa dereva, na mwezi una siku 25 za kazi. Gari la kwanza hulala gereji siku sita kwa mwezi na matengenezo yake hula 300,000. Siku 19 zilizobaki huleta 760,000. Toa matengenezo, zinabaki 460,000. Gari la pili hulala siku moja na hula 100,000. Siku 24 huleta 960,000. Toa matengenezo, zinabaki 860,000. Tofauti ni 400,000 kila mwezi. Ile milioni tano iliyoonekana kuokolewa siku ya ununuzi imekwisha kuliwa kabla ya mwezi wa kumi na tatu kutimia, na kuanzia hapo gari la rahisi linakuwa ghali kwa kila siku inayopita.

Tazama tena kwamba kikundi hakikumaliza fedha zake. Kimenunua gari la milioni 18 na kubakiza sita. Sehemu hiyo ya robo ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote. Ndiyo itakayonunua matairi, italipia bima, itabadilisha oili na breki, na kuwavusha wanachama katika mwezi ule mmoja ambao injini itakataa kuwaka. Anayetoa shilingi yake ya mwisho ili apate gari hana gari bado. Ana chuma kinachosubiri ajali au mnunuzi mwingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ufa wa gari hauzibwi kwa maneno.

Inafaa pia tuitazame pikipiki, kwa kuwa yatufundisha kwamba jibu hubadilika na chombo. Vijana wengi wa bodaboda nchini Uganda huendesha pikipiki zilizotengenezwa India, na mwenye uwezo hupendelea mpya. Wana sababu. Bei ya pikipiki mpya si mlima kama ya gari jipya, vipuri vyake vinapatikana hadi vijijini, na pikipiki iliyokwisha kubeba abiria na magunia kwa miaka mitatu imechoka kuliko umri wake. Katika pikipiki, kipya ni kinyemi kweli, mradi isinunuliwe kwa mkopo ambao marejesho yake ya kila wiki yanamlazimisha kijana kuendesha usiku na mchana. Kwa gari, kinyemi hicho kina bei isiyolingana na kazi yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa mwalimu wa uraia, ni kubwa kuliko injini: karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi, katika masuala ya mali inayohamishika na isiyohamishika, haki zisizopungua zile wanazopewa wageni wengine kwa jumla. Gari ni mali inayohamishika. Kwa hiyo mkimbizi aruhusiwa kuwa na gari, na hana sababu ya kujificha nyuma ya mtu mwingine. Hata hivyo wapo wanaonunua gari kisha wakaliacha katika jina la muuzaji, au wakaliandikisha kwa jina la rafiki mwenyeji, kwa kuwa njia ya ofisini inaonekana ndefu. Siku rafiki atakapofariki, atakapogombana nao au atakapokopa kwa dhamana ya gari hilo, daftari la serikali litamtaja yeye. Mali bila daftari huisha bila habari.

Daftari hilo Waganda na Wakenya huliita logibuku. Mtanzania atasema kadi ya gari. Mwanafunzi azijue zote mbili, maana ni hati ileile: inataja mwenye gari, namba ya usajili, chesisi na injini. Mapatano ya mauzo yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, LC1, au mbele ya baraza la wakimbizi, RWC, ni ushahidi mzuri kwamba fedha zilitolewa na kupokewa. Lakini hayabadilishi jina lililo katika daftari la usajili. Kulibadilisha kunahitaji taratibu za serikali, ikiwamo namba ya mlipakodi, TIN. Ushauri wangu ni kwamba swali la TIN na la kuhamisha umiliki liulizwe ofisini Mbarara kabla ya fedha kutoka mfukoni. Bima ya kuwakinga watu wengine nayo si hiari. Sheria ya Uganda inamlazimu kila mwenye gari linalotembea barabarani kuwa nayo.

Na lipo la lugha. Hati hizi huandikwa kwa Kiingereza. Watu wengi wa Rubondo waliosoma Kongo au Burundi walisoma kwa Kifaransa, na sokoni huzungumza Kiswahili. Mtu mwenye akili timamu na fedha halali huweza kutia sahihi karatasi asiyoielewa kwa kuwa aona haya kuuliza. Haya ya namna hiyo ni ghali mno. Mnunuzi ana haki ya kusema, "Nisomee, unifafanulie, kisha nitatia sahihi," na ana haki ya kuja na msomaji wake anayemwamini. Muuzaji akikasirika kwa ombi hilo, hasira yake ni taarifa muhimu kuliko rangi ya gari. Nanyi mnaojifunza Kiswahili mkiwa na Kiingereza chenu tayari, mngeweza kufanya kazi ndogo yenye thawabu kubwa: kumkalia jirani nusu saa na kumtafsiria mkataba.

Kwa kikundi, karatasi moja zaidi ni lazima: maandishi ya wao kwa wao. Nani anamiliki kiasi gani? Nani anashika ufunguo? Mapato yanaandikwa wapi, na nani anayakagua? Mwanachama akihamishiwa nchi nyingine, fungu lake linalipwaje? Vikundi huogopa maswali haya kwa kudhani kwamba yanaleta shaka kati ya ndugu. Uzoefu wa maisha wafundisha kinyume: ndugu hugombana zaidi juu ya yale yasiyoandikwa.

Nimesema mnunuzi asubiri sifa moja ikikosekana, na najua kusubiri ni neno chungu kwa watu ambao maisha yao yamejaa kusubiri. Mama mwenye mtoto mgonjwa usiku hahitaji mhadhara juu ya chesisi, anahitaji gari. Siipuuzi hoja hiyo. Lakini gari bovu halimfikishi mama huyo Mbarara; humwacha njiani gizani, naye ameshalipa nauli. Miezi sita ya kuongeza akiba, huku kikundi kikikodi gari la mtu kwa safari za lazima, yaweza kuwa ndiyo njia fupi kuliko zote.

Basi, "kipya kinyemi" au "ya kale ni dhahabu"? Katika Rubondo, naona dhahabu ni lile gari la makamo ambalo mwenye nalo analijua: anajua lilitoka wapi, limeandikwa jina la nani, na fedha za kulitengeneza ziko wapi. Mnunuzi asiyeweza kujibu maswali hayo matatu asivutwe na rangi, wala na punguzo la bei, wala na muuzaji anayesema kwamba kuna mtu mwingine anakuja kulichukua jioni. Na alichukue.